Askari wa serikali anapoua, raia wa kawaida ana sehemu gani katika kifo hicho?

Mdau wa Bondeni (Nakuru)

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Parokia yetu imenikabidhi kazi ya kuongoza mijadala ya vijana kuhusu haki na amani, na kuna swali moja lililotugawanya hadi tukalazimika kuliahirisha kabla halijageuka ugomvi. Swali lenyewe ni hili: askari wa serikali anapomuua mtu asiye na silaha, kwa risasi iliyonunuliwa na kodi yetu na chini ya viongozi walioingia madarakani kwa kura, je, sisi ambao hatukuwapo wala hatukuulizwa tuna sehemu yoyote katika kifo hicho?

Walio upande wa kwanza wanaanzia kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 1 inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, na kwamba vyombo vya dola vinayatumia kwa niaba yetu. Ikiwa mamlaka ni yetu, wanasema, basi hatuwezi kuyakana siku yanapotumiwa kuua. Wanatoa mfano wa Juni 2024, wakati wanajeshi walipoitwa kuwasaidia polisi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Ibara ya 241 inataka hatua kama hiyo iidhinishwe na Bunge la Taifa, na Bunge liliiidhinisha tarehe 26 Juni, siku moja tu baada ya waandamanaji kupigwa risasi nje ya majengo yake. Walioidhinisha ni wabunge wenye maeneobunge, na maeneobunge hayo yana wapiga kura, nasi tukiwemo.

Walio upande wa pili wanajibu kwamba mama anayeuza mboga sokoni hulipa kodi kwa sababu hana njia ya kuikwepa, kwani asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) imeshaingizwa katika bei ya sabuni kabla hajaigusa. Labda alimpigia kura mgombea aliyeshindwa, labda hakupiga kabisa. Kumwambia kwamba naye ana damu mikononi ni kumdhulumu, na tena ni kumpunguzia mzigo aliyefyatua risasi, kwa maana lawama ikigawanywa kwa mamilioni ya watu hakuna atakayefikishwa mahakamani.

Pande zote mbili zinanigusa, lakini kuna jambo la tatu linalonikosesha amani zaidi. Mwaka 2022, wanawake kadhaa walipouawa majumbani mwao kule Mawanga na mji huu ukawa umejaa hofu ya genge lililoitwa Confirm, nilisikia watu wenye heshima zao, wazazi na waumini, wakisema wazi kwamba polisi wasijisumbue kuwapeleka washukiwa kortini. Miaka miwili baadaye niliwaona baadhi ya watu hao wakiomboleza kwa dhati vijana waliouawa na polisi hao hao. Sisemi haya ili kumwaibisha mtu, kwa kuwa hofu ya 2022 ilikuwa ya kweli na maombolezo ya 2024 pia yalikuwa ya kweli. Ninachotaka kuelewa ni wapi hasa sehemu yetu inaanzia: kwenye kodi, kwenye kura, au kwenye yale tunayoyaruhusu kwa vinywa vyetu? Naomba majibu yenye utulivu, na naomba tuache ushindani wa vyama.

Mwalimu Mstaafu (Shinyalu, Kakamega)

Ndugu Mdau, swali lako limewahi kuulizwa mahali ambapo kila mtu alikuwa na sababu ya kulikwepa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanafalsafa Karl Jaspers, ambaye serikali ya Wanazi ilikuwa imemfukuza kazi ya kufundisha mwaka 1937 kwa kuwa mkewe alikuwa Myahudi, alirudi mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Heidelberg akawaambia Wajerumani wenzake kwamba lawama si ya aina moja. Ipo hatia ya jinai, ambayo ni ya mtu mmojammoja aliyevunja sheria, na anayeiamua ni hakimu. Ipo ya kisiasa, inayomfikia kila raia wa dola iliyotenda uovu hata kama yeye hakutenda neno, na malipo yake ni kubeba matokeo, ikiwemo kulipa fidia. Ipo ya kimaadili, ambayo mtu hujihukumu mwenyewe nafsini mwake. Na ipo ya nne, iliyo ngumu zaidi kuieleza, inayotokana na kwamba sote ni binadamu: mwenzangu ameuawa, nami ningali hai, na sikufanya nililoweza. Jaspers alikataa katakata wazo kwamba taifa zima laweza kuwa na hatia ya jinai.

Naona vijana wako wanabishana kwa sababu kundi moja linazungumzia ile ya pili huku kundi lingine likijibu kana kwamba limeshtakiwa kwa ile ya kwanza. Mama wa sokoni hana hatia ya jinai hata chembe, na mtu yeyote asimguse kwa hilo. Lakini serikali ikiamriwa kesho kuwalipa fidia waliofiwa, fedha zitatoka katika hazina anayoichangia, na itakuwa haki zitoke humo.

Tunao mfano wetu wenyewe, na sisi ndio tuliokuwa upande wa kulipwa. Mnamo Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi hadi wakafa, na maelezo ya kwanza ya wakuu wa serikali yakawa kwamba vifo vilihusiana na maji waliyokunywa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa nyakati hizo jumla ya pauni milioni 19.9. Waliochangia fedha hizo kupitia kodi ni pamoja na Waingereza ambao mwaka 1959 hawakuwa wamezaliwa. Hakuna Mkenya niliyemsikia akisema kwamba walionewa. Tulisema, na tulisema sawa, kwamba dola iliyotenda ndiyo dola inayolipa, na kwamba raia anayerithi barabara na vyuo vya dola hiyo anarithi pia madeni yake. Kama tulilipokea hilo kwa mikono miwili, hatuna njia ya kulikataa mtu wa Wajir anapotudai sisi.

Nimetaja Wajir kwa makusudi. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na vikosi vya serikali yetu, wakawekwa juani bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57, ilhali Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikubali kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa mno kupita hiyo na huenda ilifika karibu elfu moja. Mimi nilikuwa mtu mzima mwaka huo. Redio ya taifa haikutuambia, hilo ni kweli, na mtu haulizwi kuhusu jambo alilofichwa. Lakini habari zilivuja, miaka ikapita, wabunge wachache kutoka kaskazini wakalipaza, na huku kwetu magharibi watu waliendelea na shughuli zao kwa sababu waliokufa walikuwa watu wa mbali. Mtu aliyezunguka akikusanya maiti, akitibu majeruhi na kuhakikisha ulimwengu unapata habari alikuwa Mwitaliano, Annalena Tonelli, ambaye baadaye alifukuzwa nchini. Hakuwa mpiga kura wa Kenya wala hakuwa na Katiba iliyomwambia kwamba mamlaka ni yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiniuliza sehemu yetu inaanzia wapi, nitakujibu kwamba kwa upande wa fidia inaanza siku unapokuwa raia, na kwa upande wa dhamiri inaanza siku unapojua.

Mkaazi wa Manyatta (Kisumu)

Mwalimu, nakuheshimu na nimejifunza kutokana na uliyoandika, ila naomba nipinge sehemu moja. Maelezo yako yanatuweka raia wote katika safu moja, yanatupa deni sawa, kisha yanaiachia dhamiri ya kila mtu mambo mengine. Mimi natoka katika mji ambao dola imeupiga risasi vizazi vitatu mfululizo, na nikisoma kwamba raia "tunashiriki" wajibu wa ukatili wa dola, lazima niulize ni raia gani hao.

Mnamo tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ile ambayo wazee wetu hadi leo wanaiita Russia. Ilikuwa miezi michache tu baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, watu walikuwa na hasira, kukawa na makelele, na walinzi wakafyatua risasi katika umati ambamo mlikuwa na watoto wa shule waliopangwa kando ya barabara. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Nchi ikaendelea na safari yake. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za wakati huo, ilihesabu vifo 1,133 nchini, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kisumu ilikuwa na fungu lake kubwa. Agosti 2017, usiku, polisi waliingia katika nyumba za Nyalenda wakisaka waandamanaji, na mtoto wa miezi 6 akapigwa kichwani mikononi mwa mama yake, akafa baada ya siku chache.

Sasa fikirini: wazazi wa mtoto huyo nao walikuwa walipa kodi. Rungu lililomuua lilinunuliwa, kwa sehemu ndogo, na shilingi zao wenyewe. Kama kodi ndiyo kipimo, basi wao pia wamo katika orodha ya wenye kuwajibika kwa kifo cha mwanao, na hapo hoja yote inageuka tusi. Kwa hiyo kodi haiwezi kuwa kipimo cha lawama, hata kama ni chanzo halali cha fidia. Nadhani kipimo ni uwezo: ni nani ambaye serikali ingemsikiliza kama angesema basi, na je, alisema? Mwaka 2017 walikuwepo Wakenya ambao sauti yao ilikuwa na uzito kwa waliokuwa madarakani. Walikuwepo maaskofu, wafanyabiashara, wahariri, na wapiga kura wa kawaida kabisa wa maeneo yaliyoipigia serikali kura kwa wingi. Wengi wao, walipoambiwa kwamba Kisumu kuna maiti, walijibu kwamba watu wa huko walikuwa wakirusha mawe. Hilo jibu ndilo ninaloliita sehemu ya raia. Askari anayejua kwamba nusu ya nchi itamtetea kesho asubuhi anafanya usiku yale ambayo vinginevyo angesita kuyafanya.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu, na katika nchi hii nguruwe hubadilika kila baada ya uchaguzi. Kwa sababu hiyo sitawaacha watu wangu nje ya maneno haya. Tangu baadhi ya viongozi wa eneo letu walipoingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 2024, nimewasikia watu wa mtaa wangu, wengine wakiwa wamezika ndugu zao mwaka 2008, wakiwaita vijana wanaoandamana watoto wasio na malezi waliotumwa na wanasiasa. Maneno ni yaleyale tuliyoambiwa sisi. Uwezo umetusogelea kidogo, na wajibu umesogea pamoja nao, na sina budi kulisema hili hapa kwa uwazi uleule nilioutumia kwa wengine.

Mkulima wa Kopsiro (Mlima Elgon)

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Manyatta ametaja wale wanaoshangilia, nami natoka mahali ambapo kushangilia hakukuwa jambo jepesi la kuhukumiwa, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Kuanzia 2006 kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force lilitutawala kwa mapanga na bunduki. Chanzo kilikuwa mashamba ya Chebyuk, ambayo serikali iliyagawa, ikayafuta, ikayagawa upya, hadi watu wakawa wanaishi katika vipande ambavyo kesho vingekuwa vya mwingine. Kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Lilikata masikio ya waliokataa kutii, lilitoza kodi zake, na polisi waliokuwapo hawakutulinda. Machi 2008 serikali ilipoleta jeshi katika oparesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha, wengi walilipokea kwa furaha, na si huku mlimani tu. Hata Bungoma mjini na Trans Nzoia, ambako maelfu ya watu wetu walikuwa wamekimbilia, watu walisema kwamba hatimaye serikali imetukumbuka. Mtu aliyezika mwanawe aliyechinjwa na wanamgambo hawezi kulaumiwa kwa kufurahia kuona lori la jeshi.

Kilichofuata kinajulikana. Katika vijiji vingi karibu kila mwanamume na kijana alikusanywa. Zaidi ya 3,000 walipitishwa katika kambi ya Kapkota, ambako walipigwa na kuteswa ili watajane, na watoa habari waliofichwa walionyesha nani abaki na nani aachiliwe. Wengine hawajaonekana hadi leo. Wake zao walibaki katika hali ambayo ni vigumu kwa mtu wa mjini kuielewa: mume hayupo, lakini cheti cha kifo hakitolewi bila mwili, na sheria inataka miaka 7 ipite ndipo mtu asiyesikika achukuliwe kuwa amekufa. Bila cheti hakuna urithi wa shamba, na shamba ndilo lililoanzisha yote. Shirika la IMLU, linalowatetea waathiriwa wa mateso, lilipeleka kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, likashinda hatua ya kwanza mwaka 2011, kisha mwaka 2012 rufaa ya serikali ikakubaliwa kwa sababu miezi 2 inayowekwa na Mkataba wa Jumuiya kwa kufungua mashtaka ilikuwa imepita. Kesi ilizimwa na kalenda, si na ushahidi.

Kwa hiyo nikisoma swali la ndugu Mdau, namgawanya raia katika nyakati mbili. Raia wa Machi 2008, aliyeomba kuokolewa, hana deni kwa sababu ya kuomba. Alikuwa na haki ya kulindwa, na wajibu wa kumlinda bila kutesa ulikuwa wa waliovaa sare na wa waliowatuma. Raia wa Aprili na wa miezi iliyofuata ndiye ninayemuuliza. Habari zilikuwa zimetoka. Waandishi waliziandika, mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti mwaka huohuo, wanawake walisimama hadharani na picha za waume zao. Jibu tulilopewa na Wakenya wengi wema ni kwamba amani imerudi, tusifukue makaburi. Waliopumzika walikuwa wao, na waliolipia mapumziko hayo walikuwa wanaume wa hapa, wengi wao wasio wanamgambo kamwe. Mtu akinufaika na usalama uliopatikana kwa mateso, kisha akaambiwa juu ya mateso hayo, hata kama hakuyaagiza, anadaiwa angalau kusikiliza hadi mwisho na kuwaunga mkono wanaodai majina ya waliopotea. Wengi hawakufanya hata hilo.

Ndiyo maana suala la Mawanga lilinigusa. Hofu ile naifahamu. Kosa halikuwa kuogopa wala kuita polisi. Hatari iko katika kuwaambia polisi kwamba hatutauliza watakavyofanya, kwa sababu ahadi ya kutouliza ndiyo iliyojaza Kapkota.

Binti wa Askari (Njoro)

Nitaandika machache. Baba yangu alihudumu katika polisi hadi alipostaafu, na katika mazungumzo kama haya nasikia askari akielezwa kana kwamba alitoka nchi nyingine. Askari huyo ni raia pia. Alisoma nasi, mishahara yake midogo mnaijua, na nyumba za kambi zinazovuja mnaziona mkipita barabarani. Siyasemi haya ili apunguziwe hatia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema wazi katika Jedwali la Sita kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, na baba yangu alitufundisha hivyo nyumbani kabla sheria hiyo haijatungwa.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba askari anayekataa amri haramu hukataa akiwa peke yake. Anahamishwa mbali, anacheleweshewa cheo, wenzake wanamwogopa, na raia aliyeokolewa hajui hata jina lake. Tunawataka askari wawe na ujasiri ambao sisi wenyewe hatuuthamini unapoonekana. Mwaka 2022, mji ulipokuwa ukipiga kelele kwamba washukiwa wauawe, askari aliyempeleka mshukiwa kortini akiwa hai aliitwa mla rushwa. Hapo, Mdau, ndipo ningeweka sehemu ya raia wa Nakuru, na ningeiweka bila kutikisika.

Mdau wa Bondeni (Nakuru)

Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Naona kwamba hakuna kati yenu anayemtwika mama wa sokoni kosa la mwenye bunduki, na wala hakuna anayemwachilia aende kabisa. Mwalimu anadai fidia ilipwe na wote, Ndugu wa Manyatta anapima kwa uwezo wa kusikilizwa, Mkulima anauliza tulifanya nini baada ya kujua, na dada wa Njoro ametukumbusha kwamba tunachokishangilia kinawafikia askari kambini mwao. Bado nina shaka kidogo na kipimo cha uwezo, kwa sababu karibu kila mtu hujiona hana uwezo, hata mwenye nao mwingi, na nahofia kwamba vijana watakikimbilia kama mlango wa kutokea.

Naomba basi jambo moja la vitendo. Kijana wa miaka 20 asiye na kazi, anayeishi mtaa kama wangu, akikubali kwamba ana wajibu fulani, anaweza kufanya nini kisichokuwa kuandamana na kuhatarisha maisha yake?

Mkaazi wa Manyatta (Kisumu)

Kuhusu shaka yako, nakubali kwamba kipimo changu kinaweza kutumiwa vibaya, na labda dawa yake ni kumtaka kila mtu aseme kwanza anachokiweza kabla ya kusema asichokiweza.

Kuhusu vitendo, nitarudi kwa mtoto wa Nyalenda. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu aliyeendesha uchunguzi wa kifo kile aliwataja makamanda wa polisi kuwa wenye kuwajibika, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akatangaza kuwashtaki maafisa 12 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kesi imeahirishwa mara nyingi na inatia uchungu, lakini isingefika hata hapo bila watu wa kawaida kabisa kusimama na kueleza walichokiona na kukisikia usiku ule. Kijana wako anaweza kuwa shahidi. Anaweza kuandika saa, mahali, namba ya gari na kituo lilikotoka, na kuyapeleka IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ambayo kwa sheria hupokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo. Anaweza kuisindikiza familia ya marehemu wakati wa upasuaji wa maiti na kuisaidia kupata daktari huru, kwa kuwa ripoti ya upasuaji ndiyo inayoamua mengi baadaye. Akiogopa kutoa ushahidi, ipo Taasisi ya Ulinzi wa Mashahidi, na ni haki yake kuiomba msaada. Na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, hata asiye na wakili. Vijana wako wakitaka kumuuliza mbunge wao kwa nini aliidhinisha jeshi mwaka 2024, wanaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja na sahihi zao.

Mdau wa Bondeni (Nakuru)

Asante sana. Nimeamua kwamba mkutano ujao hatutaanza na Juni 2024, ambayo kila kijana pale tayari anailia. Tutaanza na Wagalla na Mlima Elgon, kisha ndipo tuingie Kisumu, na Nakuru tutaiweka mwisho. Mzee wa Kopsiro, naomba ruhusa yako niwasomee vijana uliyoyaandika, bila kutaja mahali unapoishi.

Mkulima wa Kopsiro (Mlima Elgon)

Nakuruhusu, na unaweza kutaja mahali, kwani kila mtu hapa anazijua habari hizi. Sharti langu ni moja. Usiwasomee sehemu ya Kapkota peke yake. Soma pia kuhusu wale zaidi ya 600 waliouawa na wanamgambo, kwa sababu nimeshaona wanaharakati wakija huku na kuwasikiliza wajane wa upande mmoja tu, na wajane wa upande wa pili wakiondoka mkutanoni kabla haujaisha.

Mdau wa Bondeni (Nakuru)

Nitasoma yote mawili, Mzee, na nitakuandikia hapa watakachosema.